Kulinganisha hadithi fupi na filamu yake bila kuisimulia upya

Ndugu, umeuliza utalinganishaje hadithi fupi na filamu yake bila insha kugeuka orodha ya "hiki kimo, kile hakimo". Chagua badiliko moja kubwa, kisha jiulize limefanya kazi gani.

Tazama Rear Window, filamu ya mwongozaji Alfred Hitchcock (1954), iliyotokana na hadithi ya Cornell Woolrich ya mwaka 1942. Hadithini, msimulizi anakaa dirishani akiwachungulia majirani, anamshuku mmoja wao kwa mauaji, na ni mwishoni kabisa tunapojua kwamba mguu wake umevunjika na kufungwa plasta. Filamu inatuonyesha plasta hiyo mapema. Hapo ndipo penye utamu! Maandishi yanaweza kuuficha mwili wa msimulizi. Kamera ikimwelekea tu, siri imekwisha. Basi Hitchcock anautumia udhaifu ule ule kututia hofu tangu mwanzo. Ameongeza pia mpenzi, Lisa, ambaye hadithini hayumo, na sasa mawazo ya msimulizi yanapata mtu wa kuambiwa.

Muhtasari wa kisa usizidi sentensi mbili. Na usibishane ipi ni bora, isipokuwa swali lenyewe limetaka hivyo.