Nimonia Isiyotaka Kuondoka

Ukiwa mgeni wodi ya kifua, ukiona homa, kikohozi na doa jeupe kwenye eksirei, utaandika nimonia hata kabla hujakaa kitini. Mara nyingi utakuwa sahihi. Nazungumzia zile mara chache ambapo nyuma ya nimonia kuna saratani.

Nilikuwa na mgonjwa aliyelazwa mara tatu ndani ya mwaka, na kila mara nimonia ilikuwa pale pale, sehemu ya chini ya pafu la kulia. Tukimpa antibiotiki, homa inashuka, anaenda nyumbani. Nafuu hiyo ndiyo iliyonipofusha. Uvimbe ukiziba njia ya hewa, makohozi hutuama nyuma yake na bakteria huzaliana humo. Kwa hiyo nimonia ilikuwa ya kweli na dawa ilifanya kazi. Kizibo tu ndicho hakikuguswa. Bronkoskopi, kamera inayoingizwa kwenye njia ya hewa, ilikikuta: kasinoidi, aina ya saratani inayokua polepole.

Siku hizi sitosheki na mgonjwa kusema amepona. Doa lisipofutika baada ya wiki 6 hadi 8, hasa kwa mvutaji sigara au mtu aliyevuka miaka 50, naagiza CT skani. Na kabla ya kupiga picha mpya, itafute ya zamani. Doa lililokuwepo miaka miwili iliyopita si nimonia ya juzi, na kulijua hakukugharimu kitu.

Iko pia adenokasinoma inayotoa ute, aina nyingine ya saratani ya mapafu. Hujaza vifuko vya hewa bila kuvibomoa, na kwenye picha mara nyingi huwezi kuitofautisha na nimonia. Ishuku pale picha inapotisha kuliko mgonjwa mwenyewe: pafu limejaa, homa hana, anatembea.

Kifua kikuu nacho huficha mengi. Ukianza dawa zake bila kupata vimelea kwenye makohozi, andika kwenye faili tarehe ya kupima upya uamuzi wako. Vimelea vikipatikana usilale bado. Kifua kikuu na saratani huweza kukaa katika pafu moja.

Steroidi, dawa za kutuliza mchochota (uvimbe na wekundu wa mwili unapopambana na maambukizi au jeraha), zisubiri hadi biopsi, yaani kuchukua kipande cha uvimbe kwa uchunguzi. Limfoma, saratani ya chembe za kinga, hunywea kwa steroidi, kisha biopsi huweza kuleta chembe zilizokufa tu. PET nayo, picha inayoonyesha sehemu zinazotumia sukari nyingi, usiitegemee kuamua, maana mchochota huwaka kama saratani.

Majibu ya biopsi yakisema “mchochota tu”, mimi humpigia simu mwanapatholojia, daktari aliyechunguza kipande hicho, na aliyechoma sindano ya kukichukua. Pembezoni mwa uvimbe mara nyingi kuna mchochota, kwa hiyo nauliza sindano iliishia wapi. Kama hakuna anayejua, tunarudia.