Mume wangu ameacha wali na tende kwa sababu ya kisukari: je, ameharamisha halali?

SWALI

Assalamu alaykum Sheikh. Mume wangu ana miaka 52, na huu ni mwaka wa sita ana kisukari. Anameza metformin na glibenclamide. Tangu Mfunguo Sita ameingia keto: ameacha wali, ugali, chapati, mihogo, hata tende. Anakula mayai, samaki, mchicha wa tui na parachichi. Amepungua kilo 9 na sukari imeshuka. Juzi kwenye walima hapa Tanga kaka yake, ambaye ndiye imamu wetu, alimwambia mbele ya watu kwamba anayekataa wali aliopakuliwa na kujinyima tende ameharamisha halali ya Allah, na kwamba keto ni mambo ya makafiri. Mume wangu amenyong'onyea. Je, ana dhambi? Na Ramadhani afuturu kwa kitu gani? La mwisho: mwalimu wa keto anayemfuata kwenye simu amesema binti yetu wa miaka 13, anayejichoma insulini tangu ana miaka 8, naye aingie keto na aache sindano, maana zinatokana na nguruwe na mwenye kumtegemea Allah hazihitaji. Tunataka kuanza wiki ijayo.

JIBU

Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Dada yangu, naanzia mwisho wa barua yako. Suala la wali linaweza kungoja. La binti yako haliwezi. Msimwachishe insulini. Si wiki ijayo, si kwa siku mbili za kujaribu, wala msimpunguzie dozi kwa neno la mtu wa kwenye simu. Kwangu hili ni haramu bila kusitasita. Allah amekataza tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizo, na hapa anayetupwa ni mtoto, amana mliyokabidhiwa.

Ugonjwa wake na wa baba yake umeshabihiana jina tu. Kongosho la mume wako bado linatoa insulini, ila mwili wake umekuwa mkaidi kwayo. Ndiyo maana alipopunguza wanga alipata nafuu. Kongosho la binti yako halitoi, au linatoa kidogo mno. Mtu akiacha wanga, mwili huchoma mafuta na kutoa ketoni. Penye insulini, ketoni hizo hubaki kwa kiasi. Pasipo insulini hakuna cha kuzizuia: damu inakuwa na asidi, mtoto anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, pumzi inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, kisha anapoteza fahamu. Hayo hayachukui miezi. Yanaweza kumaliza uhai kwa siku chache. Ukiziona dalili hizo siku yoyote, mkimbize hospitali usiku huohuo.

Mwalimu huyo anaieleza lishe hii kama ugunduzi wa jana. Kabla ya mwaka 1922 watoto wenye kisukari cha namna hii hawakuwa na tiba nyingine ila hiyo: madaktari waliwanyima wanga, na mara nyingi karibu chakula chote, nao walikonda hadi mifupa ikahesabika, wakafa. Januari 1922, Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini, akawa wa kwanza kutibiwa nayo. Basi mwalimu anawarudisha pale ambapo Allah alishawatoa waja wake.

Kuhusu nguruwe: zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, kweli. Tangu 1982 ipo insulini ya binadamu inayotengenezwa kwa bakteria na hamira, na ndiyo iliyoenea leo. Na hata ingekuwa ya nguruwe na nyingine haipatikani, aya ya dharura katika Suratul Baqara inamtosha mtoto anayechungulia kaburi.

Na tawakkul, yaani kumtegemea Allah, je? Mtu alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, amfunge ngamia wake atawakali, au amwache atawakali. Akajibiwa: mfunge, kisha utawakali. Na Jabir amesimulia, katika riwaya ya Abu Daud, habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, akaota usiku akapata janaba ya kumlazimu kuoga, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia huna ruhusa, maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfika Mtume alisema: wamemuua, Allah awaue, mbona hawakuuliza pale wasipojua? Wale walikuwa masahaba, na nia yao ilikuwa kulinda sharia, lakini hakuwapa udhuru. Imepokewa pia kuwa anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini, yaani atadaiwa kwa atakachokiharibu. Miaka kadhaa nyuma nilisalia jeneza la kijana aliyeachishwa sindano kwa ahadi kama hizi. Mama yake aliniuliza makaburini kama hiyo ni kadari. Nikamjibu ndiyo, nikashindwa kuendelea. Nilichokimeza siku ile nakisema leo: ni kadari, na aliyetoa ushauri ule atasimama ajibu.

Sasa mume wako. Hana dhambi hata chembe, na shemeji yako amekosea katika dalili na katika adabu.

Bila shaka ameichukua aya ya Suratul Maida, kwamba msiharamishe vitu vizuri alivyowahalalishia Allah. Wafasiri wanataja kuwa iliwashukia watu waliotaka kujiharamishia nyama, wanawake na usingizi wakidhani hiyo ni ibada ya kujikurubisha. Kuharamisha ni kuitakidi kuwa kitu ni haramu, au kukiacha ukifanya kule kuacha kuwa dini. Kutokula ni jambo jingine kabisa. Mtume aliletewa kenge wa jangwani aliyechomwa, akaondoa mkono. Khalid bin Walid akauliza: ni haramu? Akasema hapana, ila hayupo katika nchi ya watu wangu na najiona simpendi. Khalid akamvuta, akala, Mtume akitazama. Kama kuacha ni kuharamisha, shemeji atuambie hapo nani aliharamisha nini.

Na kama anaitaja Suratu Tahrim, pale Mtume alipojizuia asali kwa kuwaridhisha wakeze, aya inayofuata inazungumzia kufungua viapo. Mume wako hakuapa. Kama aliwahi kutamka “wallahi sili wali tena”, basi siku akila atoe kafara ya yamini, alishe maskini 10, na hilo limekwisha.

Zaidi ya hapo, Qurani yenyewe inatuambia katika Aali Imran kuwa Israili, naye ni Nabii Yaaqub, alijizuilia baadhi ya vyakula, na wafasiri wengi wamesema sababu ilikuwa maradhi ya mshipa wa paja, akaacha nyama na maziwa ya ngamia. Lakini hoja nzito kuliko zote ni ya Ummul Mundhir, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Mtume aliingia kwake pamoja na Ali, ambaye ndiyo kwanza anainuka ugonjwani, na nyumbani mwake kulitundikwa vishada vya tende. Mtume akala. Ali alipoanza kula akamwambia: ngoja wewe, bado una udhaifu. Ali akaacha. Yule mama akapika shayiri na mboga ya majani, Mtume akasema: Ali, kula hiki, kinakufaa zaidi. Tende, dada yangu! Tende zilezile anazolaumiwa kwa kuziacha mume wako, mbele ya Mtume mwenyewe akizila, mgonjwa kazuiwa na kuelekezwa kwenye mboga. Ibnul Qayyim ameijengea hadithi hii maelezo marefu, akasema kujizuia chakula ni kwa namna mbili: kujizuia kinacholeta ugonjwa, na kujizuia kinachouzidisha. Mume wako yuko katika ya pili.

Kuhusu “mambo ya makafiri”: jina la lishe hii lilitolewa mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliyekuwa akitafuta tiba ya kifafa. Kafiri kugundua dawa hakuifanyi ibada. Mtume katika Hijra alimwajiri kiongozi wa njia aliyekuwa bado katika dini ya Makuraishi, akamkabidhi roho yake na ya Abubakar jangwani.

Na walima: katika Sahih Muslim, aliyealikwa aitikie, akitaka atakula, akitaka ataacha. Kumfedhehesha mgonjwa mbele ya sinia hakuna riwaya yake.

Lakini sitaki mume wako atoke hapa akidhani keto ni sunna. Ni tiba ya mubaha, yaani iliyoruhusiwa tu, ina faida na ina mitego. Glibenclamide inaendelea kushusha sukari hata kama hakula wanga. Asipopunguziwa dozi, sukari inaweza kuanguka akiwa barabarani. Arudi kliniki wiki hii, aseme wazi anachokula, apimwe figo na mafuta ya damu. Na akiwahi kuandikiwa dawa nyingine za kisukari ziitwazo dapagliflozin au empagliflozin, daktari lazima ajue habari ya keto, kwa sababu vikikutana vinaweza kuleta ile asidi ya damu hata sukari ikisoma vizuri. Wengi pia huishindwa lishe hii baada ya mwaka, na nafuu hupungua. Akiona imemwelemea, si aibu kula wali robo ya sahani na mboga nusu. Na mfuko wenu uangaliwe: samaki na nyama ya kila siku ya baba isiwe kwa gharama ya uji wa watoto.

Ramadhani, tende moja ndogo ina wanga gramu 5 au 6, wakati wengi wa keto hujiwekea mpaka wa gramu 20 hadi 50 kwa siku. Afuturu kwa moja, apate sunna. Asipoitaka, maji, Mtume alifuturu kwa maji alipokosa tende. Kabla ya mwezi amuulize daktari kama anaweza kufunga. Kutoboa kidole kupima hakufunguzi, wala sindano ya insulini, na hivyo ndivyo Jopo la Fiqhi la Kiislamu lilivyoamua Jeddah mwaka 1997. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipanda juu ya 16.6 mmol/L, afungue papo hapo, halafu alipe. Binti yako naye hafungi mpaka daktari wake aseme, na akiambiwa asifunge, hiyo ndiyo ruhusa aliyopewa na Mola wake; asiwepo wa kumwita mvivu.

Nikipata idhini yako nitamtafuta shemeji yako nizungumze naye faragha, naye asifedheheshwe. Mume wako msomee jibu hili leo, kabla ya kulala, na uanze na sehemu inayomhusu binti. Wallahu a'lam.