Mbuzi ya nazi kule Kochi

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: msafiri anayekwenda Asia aende wapi akitaka kuuona utamaduni wa wenyeji, kwenye matamasha, sokoni au mikahawani? Jibu langu ni jikoni kwa mtu, siku moja kabla ya sikukuu.

Septemba 2019 nilikuwa Kochi, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Sikwenda kutalii. Nilimsindikiza kaka yangu kwenye matibabu ya moyo, safari ambayo familia nyingi za kwetu zinaijua, na tulipanga chumba katika nyumba ya watu karibu na hospitali. Mwenye nyumba, mama wa makamo, nilimwita chechi, yaani dada mkubwa, kwa sababu ndivyo walivyomwita wote waliokuwa wadogo kwake. Kaka alipolazwa nikabaki peke yangu, mchana hospitali, usiku chumbani nahesabu siku.

Ndipo nikaanza kuona maua mlangoni. Kila asubuhi wajukuu wa chechi walipanga petali chini kwa duara, za njano, nyekundu na nyeupe, na kila siku duara lilipanuka. Wanaliita pookalam. Kwa siku kumi hupangwa hivyo, tangu siku ya Atham hadi Thiruvonam, kilele cha sikukuu ya Onam. Chechi alinisimulia sababu yake. Zamani alikuwapo mfalme Mahabali, na katika enzi yake hapakuwa na mwizi wala mwenye njaa. Mungu Vishnu akamjia kwa umbo la mtu mfupi, Vamana, akamwomba ardhi ya hatua tatu tu. Hatua ya kwanza ikaenea dunia yote, ya pili ikaenea mbingu, na kwa ya tatu mfalme akainamisha kichwa chake kikanyagwe. Akashushwa chini ya ardhi, lakini akaruhusiwa kurudi mara moja kwa mwaka kuwajulia hali watu wake. Yale maua ni ya kumpokea. Wengi huielewa Onam kama sikukuu ya Wahindu, na hadithi yake ni yao kweli, lakini pale mtaani niliwaona Wakristo na Waislamu nao wakipelekeana vyakula na kuvaa nguo mpya.

Mwaka huo ilikuwa na uzito wake. Agosti 2018 mafuriko yaliua zaidi ya watu 400 Kerala, na serikali ya jimbo ikafuta sherehe zake za Onam. Chechi aliniambia mwaka ule hawakupanga hata ua moja. Kwa hiyo safari hii alitaka kupika kila kitu.

Wana msemo kwamba hata ukiuza mali yako, karamu ya Onam uile. Karamu yenyewe ni sadya: wali na vitoweo ishirini na zaidi juu ya jani la mgomba, bila nyama wala samaki. Jumanne, siku ya mkesha, mji mzima unahangaika na manunuzi, na mimi nilipotoka hospitali nilimkuta chechi na mama yake mzee wamezungukwa na ndizi mbichi za kukaanga. Nikauliza kama naweza kusaidia. Nikapewa kisu na tangawizi. Baadaye chechi akanisogezea kijiko cha mchuzi wa ukwaju na tangawizi nionje chumvi, nikamwambia nimefunga, ni Ashura. Akakirudisha kijiko bila neno. Magharibi ilipoingia nikaona maji na ndizi mbivu vimewekwa mbele yangu, kabla sijatazama saa.

Alfajiri ya Thiruvonam, baada ya kuswali, nikashuka tena. Bibi akanyoosha mkono kwenye kona ya jiko. Pale palikuwa na mbuzi. Mbuzi ile ile ya kukunia nazi: kiti cha mbao na ulimi wa chuma wenye meno. Wao wanaiita chirava. Nilikaa nikashika kifuu, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke Tanga mikono yangu ilijua la kufanya. Bibi alinitazama nikikuna nazi mbili, akaniongezea nne, akaondoka. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile ugenini.

Tui wanalikamua kama sisi: la kwanza zito linatengwa, halafu la pili, na la tatu jepesi. Tamu yao, ada pradhaman, ni vipande vidogo vya unga wa mchele katika sukari guru, na hupikwa kwa kuanzia tui jepesi. Lile zito linatiwa mwisho kabisa na sufuria inaepuliwa lisije likakatika. Mama yangu alinigombeza utotoni kwa kosa hilo hilo. Wana pia unniyappam, kitu kama kitumbua, na chuma chake kina vishimo kama chetu. Bahari inayotutenganisha majahazi yameivuka kwa karne nyingi, lakini kuyasoma hayo si sawa na kulishika chuma kwa mikono yako.

Tulikula mkekani, kwa mkono wa kulia. Jani linalazwa ncha yake ikiwa kushoto kwa mlaji, na kila kitoweo kina mahali pake. Kwanza wali kwa dengu na samli, halafu mchuzi wa sambar, kisha ile tamu.

Mashindano ya mitumbwi mirefu niliyaona kwenye televisheni ya wodini. Kule Thrissur wanaume hupakwa rangi za chui milia wakacheza barabarani; sikwenda. Ni mambo mazuri, na anayeweza ayaone. Hoteli nazo huuza sadya kwa wageni, na chakula ni kile kile. Ila pale hakuna atakayekuachia nazi nne. Na anayetaka jikoni abishe hodi kwanza na akubali kukataliwa: mahekalu mengi ya Kerala hayamwingizi asiye Mhindu, na mimi sikuona uchungu kusubiri nje.

Mchana chechi alifunga sehemu ya kaka, kidogo kidogo, kama daktari alivyoruhusu. Kaka alianza na olan, kunde na kitu kama mumunye ndani ya tui. Akatafuna, akasimama, akanitazama.

"Kunde hizi nani kapika?"

"Chechi," nikamwambia. "Nazi nimekuna mimi."