Maji ya gata yana mwenyewe

Mwanangu Zuhura,

Waaleikum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na ile video baba yako ameirudia mpaka simu ikazima chaji. Umeniuliza kwa hasira, na hasira yenyewe ina haki: jirani yako wa upande wa juu wa mteremko hapo Goba, Dar es Salaam, ameelekeza bomba la paa lake kwenye ukuta wako, chumba cha watoto kimeota ukungu, lipu inabanduka, na ulipomwambia akakujibu kwamba maji hayapandi mlima. Sasa unataka kujua umshitaki moja kwa moja au upandishe ukuta mpakani umrudishie maji yake.

Ukuta usijenge. Kushitaki kupo, lakini bado.

Nianze na hilo jibu lake, maana ndilo linalokukera na ndilo lenye nusu ya ukweli. Goba ni vilima na mabonde, na wewe ulinunua chini ukijua. Mvua inayoteremka yenyewe juu ya ardhi, ikapita kwenye nyasi zake ikafika kwako, hiyo ni ya Mungu, na mtaro wa kuipokea ni wa kuchimba wewe. Lakini huyu bwana ameyakinga maji ya paa kwa gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, akayatia kwenye bomba moja la inchi 4, akayamwaga mahali pamoja. Maji ya mlima hayana mwenyewe. Maji ya gata yana mwenyewe. Shikilia hapo, usitoke.

Na umpe hesabu, kwa sababu watu wengi hawajui paa linatoa maji kiasi gani. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme upande wa paa unaoingia kwenye hilo bomba una urefu wa mita 12 na upana wa mita 5, hizo ni mita za mraba 60. Usiku mmoja wa Aprili ukishusha milimita 50, na kwa Dar hilo si ajabu, ni lita 3,000 zinazopigwa kwenye msingi wako kabla ya alfajiri. Hakuna msingi wa tofali utakaovumilia hayo masika baada ya masika.

Kabla ya kumwendea tena, masika haijaisha, kwa hiyo ngoja mvua kubwa, vaa koti, utoke nje ukaangalie. Unyevu unaotokana na bomba lake utauona kwenye ukuta unaotazamana naye tu, tena mkali zaidi pale maji yanapodondokea. Ukiona kuta zote za nyumba zimelowa kuanzia chini hadi usawa wa goti, hapo kuna jingine: huenda fundi wako hakuweka nailoni juu ya msingi, na ardhi ndiyo inayonyonyesha ukuta. Na paa lako mwenyewe je? Nikikumbuka vizuri, upande wa jikoni hamjafunga gata hadi leo. Piga picha, hifadhi zenye tarehe, ila ujue na lako ni lipi, maana ndilo atakalokutajia kwanza.

Miaka niliyokaa baraza la kata hapa Tanga, kesi za maji zilikuwa haziishi kila masika. Zilizomalizika upesi ni zile ambazo mlalamikaji alikuja anajua anataka maji yapite wapi. Zilizooza ni zile ambazo katikati ya maneno mtu alipandisha sauti akasema, "Na tena hilo bomba limevuka mpaka wangu!" Basi. Kuanzia hapo hakuna anayezungumza habari ya maji. Zitatafutwa bikoni, zile alama za mpaka, ataitwa mpimaji, zitaletwa hati na karatasi za mauziano za marehemu fulani, na mvua nayo itaendelea kunyesha ukutani. Kwa hiyo neno mpaka lisitoke kinywani mwako, hata kama unaamini amekula nusu mita. Hiyo ni kesi nyingine, ya siku nyingine.

Halafu umuulize kwa utulivu hilo bomba lilikuwaje likaelekea huko. Imepokewa na Imam Ahmad kwamba Abbas, ami yake Mtume, alikuwa na mlizamu, yaani mfereji wa kumwagia maji ya paa, juu ya njia anayopita Sayyidna Umar. Ijumaa moja Umar amevaa nguo zake za sala, kumbe kwa Abbas wamechinjwa vifaranga wawili, maji yenye damu yakammwagikia. Akaamuru mlizamu ung'olewe, akarudi kubadili nguo. Baadaye Abbas akamwambia: Wallahi, pale aliuweka Mtume mwenyewe. Umar, naye ndiye khalifa, akamtaka Abbas apande mgongoni kwake aurudishe ulipokuwa. Jirani yako ni Mkristo, sikutumi ukamhubirie. Ninachokitazama ni kwamba kila bomba lina historia. Yeye alipojenga, kiwanja chako kilikuwa pori. Alimwaga maji porini, hakummwagia mtu. Ukimwambia "umeniharibia makusudi" atakataa, na atakuwa mkweli. Ukimwambia "ulipojenga hapakuwa na mtu, sasa pana watoto", umempa mlango wa kutokea.

Nenda jioni, siku isiyo na mvua, na mumeo awepo. Mambo haya usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mtu aliyeaibishwa mbele ya majirani habadilishi bomba. Fundi awe ameshapita kuangalia mteremko, ili uende na pendekezo. Zuri kuliko yote ni bomba kupinda kwenye kona ya nyumba yake na kufuata ukingo mpaka mtaro wa barabarani. Kama mteremko haukubali, lichimbwe shimo la kunyonya maji, lijazwe mawe na kokoto, mbali na misingi ya nyumba zote mbili na mbali na shimo la choo. Akikwambia atanunua tangi, mshukuru, kisha muulize: likijaa, ziada inakwenda wapi? Tangi la lita 2,000 kwa paa lile halimalizi hata usiku mmoja.

Gharama ya bomba ni yake. Ukiweza, jitolee ya kuchimba upande wako. Si kwamba una kosa, ila unataka kazi ifanyike kabla ya vuli ya Oktoba. Fidia ya lipu usiidai siku hiyo. Maji yakishahama, ndipo umpelekee hesabu ya fundi, na hapo wengi huchangia.

Mkikubaliana, yaandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti agonge muhuri: bomba la inchi ngapi, linapita wapi, nani anasafisha majani, na mwisho wa kazi ni tarehe gani. Akikataa kabisa, mwenyekiti amwite. Akikaidi, baraza la kata. Huko wakili haruhusiwi kukuwakilisha, utajisemea mwenyewe, na mdomo unao. Ila tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui tena kama zamani zetu. Kwa mgogoro wa ardhi, likishindwa linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda bila hati hiyo. Unakokwenda ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hiyo ndiyo njia, nami sikuzuii, lakini mpaka ufike huko na uhukumiwe, masika nyingine itakuwa imekwisha kukukuta.

Sasa huo ukuta wako wa kisasi. Ukuta wa tofali za inchi 6 usio na matundu ya kupitisha maji, ukituamisha maji nyuma yake, unalala, na utalala upande wa chini, yaani kwako. Usipolala, maji yataingia kwake, na hapo mdaiwa ni wewe. Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. La pili hilo ndilo unalotaka kulifanya.

Kuhusu chumba: watoto walale sebuleni kwa sasa, kifua cha mwanao mdogo unakijua. Lipu iliyooza ikwanguliwe mpaka tofali lionekane, madirisha yaachwe wazi, na ukuta uachwe ukauke wiki kadhaa baada ya maji kuhamishwa. Fundi atakayekwambia apige rangi ya mafuta leo afunike unyevu, mlipe soda umuage.

Baba yako anasema anakuja na pimamaji yake kuangalia mteremko wa bomba. Mwache aje, ila fundi awe mwingine.

Mama yako