Kwa nini tuombe njia za miguu wakati zahanati haina dawa? Jibu kutoka Nyalenda

Ndugu, umeuliza kwa nini baadhi yetu tunataka fedha za wadi ziende kwenye njia za miguu, mitaro na taa, ilhali zahanati hukosa dawa. Swali lako ni la haki. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Nyalenda, Kisumu. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, na nitakujibu kwa yale ninayoyakuta huko.

Kuna mama mmoja ninayemtembelea, ana presha. Tangu tupewe mikoba ya vifaa mwaka 2023, ninampima mwenyewe akiwa ameketi kwenye kigoda chake. Dawa anazo na anazimeza. Kliniki walimwambia atembee nusu saa kila siku, na ushauri huo ni sahihi: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Sasa atembee wapi? Akitoka kichochoroni anakutana na mtaro usiofunikwa. Akiuvuka, ukingo wa barabara una boda zinazopita kinyume, mikokoteni ya maji, na meza za mboga ambazo wenyewe hawakupewa pahali pengine pa kuziweka. Mvua ikinyesha, huu udongo wetu mweusi unamvua viatu. Basi anapanda boda hata kwenda dukani, na presha haishuki. Mama huyo huyo akifika katikati ya mji, kwenye njia pana za Barabara ya Oginga Odinga zilizotengenezwa kuelekea Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022, anatembea bila shida yoyote. Miguu ni ile ile.

Hali hii ina historia. Nyalenda na Manyatta zilikua nje ya mipaka ya manispaa, zikaingizwa mapema miaka ya 1970 watu wakiwa wameshajenga. Ardhi nyingi ni ya familia, kwa hiyo hata mita moja ya njia lazima ijadiliwe na mwenye shamba. Ndiyo maana jambo hili linahitaji kikao na subira, na ndiyo maana viongozi hulikwepa.

Malaria nayo. Sisi wa kando ya ziwa tunaijua, na neti tunagawiwa. Lakini mbu wa malaria hupenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, hata maji yaliyotuama kwenye alama za magurudumu. Barabara isiyo na mtaro unaotiririsha maji inatuzalishia mbu msimu mzima wa mvua.

Linaloniuma zaidi ni uzazi. Mwaka 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Nauli haikuondolewa. Uchungu ukianza saa nane usiku, tuktuk haiingii kichochoroni, dereva anaogopa giza, na akikubali anataja bei anayotaka. Nimeshasaidia kumshika mwenzangu mkono hadi barabarani, tukimulika kwa simu, akisimama kila uchungu unapombana. Hospitali haiko mbali. Kilichokuwa mbali ni ile sehemu ya kutoka mlangoni hadi lami, na hakuna dawa ya zahanati inayoifupisha.

Wagonjwa wa kisukari na wanaochukua dawa za kila mwezi ni hadithi hiyo hiyo kwa nauli: boda hadi steji, kisha matatu, na kurudi vivyo hivyo. Mvua ikinyesha bei inapanda. Mtu akihesabu, anaona heri anunue unga, kliniki ataenda wiki ijayo.

Kuhusu ajali nitasema machache. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, mwaka baada ya mwaka zinaonyesha waenda kwa miguu ndio wanaokufa wengi zaidi barabarani Kenya. Mwendo unaoruhusiwa mijini ni kilomita 50 kwa saa. Pale watu na magari wanapochanganyika, wataalamu wa afya wanashauri 30. Matuta karibu na shule ni jambo la wizara ya afya sawasawa na la wizara ya barabara.

Dawa ni lazima, sibishi. Lakini dawa zina bajeti yake katika idara ya afya ya kaunti. Tuzidai huko, kwa nguvu. Njia ya mtaani isipoombwa na wenye mtaa, hakuna daktari atakayetuombea.

Kikao cha kujadili fedha za wadi kikiitishwa, Kifungu cha 201 cha Katiba kinatupa haki ya kushiriki katika mambo ya fedha za umma, kwa hiyo msiende kupiga makofi tu. Andikeni waraka, mtaje njia kwa jina: kuanzia kwa nani hadi wapi, mtaro gani ufunikwe, taa ngapi, steji ikae upande upi. Mpeni nakala karani, naye aigonge muhuri. Na kabla ya kuandika, tembeeni njia hiyo pamoja na mama mjamzito na mzee wa mkongojo, muwaulize wanakwama wapi.