Tafuta msimamizi kabla hujalipia darasa: leseni ya uthamini wa nyumba Marekani

Juzi kijana mmoja wa Kitanzania anayeishi Dallas alinipigia simu. "Shikamoo dada. Masomo ya uthamini nimemaliza yote, vyeti ninavyo mkononi. Sasa msimamizi nampata wapi?" Nikaitikia marahaba, kisha nikanyamaza kidogo. Msimamizi ni mthamini mwenye cheti ambaye chini yake unafanya saa za kazi zinazodaiwa kabla ya leseni. Swali hilohilo niliwahi kuuliza mimi mwaka wangu wa kwanza hapa Texas, na kulijibu kulinila karibu mwaka mzima.

Nilikuja na digrii ya uthamini wa ardhi kutoka Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Digrii hiyo haikupotea. Niliipeleka kwenye taasisi inayotambulika ya kulinganisha vyeti vya nje, ikakubaliwa kama elimu ya chuo. Ila haikunisamehe masomo ya uthamini ya hapa wala saa za kazi. Ukitoka nyumbani na cheti chako, jiandae kwa hilo mapema ili lisikuvunje moyo.

Utaratibu wenyewe ulizaliwa na sheria ya mwaka 1989, baada ya vyama vya akiba na mikopo kuanguka na kubainika kwamba mikopo mingi ilisimama juu ya bei za nyumba zilizopandishwa bila msingi. Tangu hapo bodi ya taasisi iitwayo Appraisal Foundation hupanga kiwango cha chini cha nchi nzima, na kila jimbo hutoa leseni zake na linaweza kukaza zaidi. Kwetu leseni hutolewa na Texas Appraiser Licensing and Certification Board. Kwa hiyo usifuate maneno ya binamu aliyeko Ohio. Soma kanuni za jimbo unalotaka kufanyia kazi.

Unaanza kama mwanagenzi, kwa saa 75 za masomo ya msingi, na tangu 2026 kumeongezwa somo la ubaguzi katika uthamini na sheria za haki ya makazi. Leseni ya kwanza ya nyumba za kuishi inadai masomo zaidi ya hayo na kazi ya saa 1,000, zisizofanywa chini ya miezi 6. Ukitaka cheti cha juu cha nyumba za kuishi ni saa 1,500 kwa angalau miezi 12. Wanaothamini maduka, maghala na majengo ya ofisi wanahitaji saa 3,000 kwa angalau miezi 18, angalau nusu yake isiwe ya nyumba za kuishi. Mtihani wa taifa upo, na alama za vidole zitachukuliwa.

Masomo ukilipa utayapata, hata usiku mtandaoni. Kigingi ni msimamizi. Lazima awe na cheti cha juu kwa miaka isiyopungua 3, rekodi yake iwe safi, na hawezi kuwa na wanagenzi zaidi ya 3. Sahihi yake ndiyo inayokaa chini ya ripoti, hivyo kosa lako ni kosa lake. Wengi wanakataa, na siwalaumu. Na kumbuka: masomo ya kuombea uanagenzi yawe yamefanyika ndani ya miaka 5 kabla ya kupeleka maombi. Ukisoma kwanza ukakosa mtu wa kukupokea, vyeti vinazeeka kabatini.

Mimi msimamizi wangu wa pili nilimpata darasani. Wathamini wenye leseni wanatakiwa kurudi masomoni saa 28 kila miaka miwili, basi nikalipia darasa lao moja, nikakaa nao kutwa, nikawapigia hodi mmojammoja wakati wa chakula cha mchana. Barua pepe zaidi ya arobaini nilizotuma kabla ya hapo hazikuzaa kitu.

Siku ya kwanza mzee aliyenipokea alinipeleka kwenye nyumba yenye chumba cha juu kilichobanwa na mteremko wa paa. Akanipa tepu, akaniambia nitafute mstari ambapo dari inashuka hadi futi 5. Chini ya hapo hakuhesabiwi. Na katika eneo linalobaki, angalau nusu dari yake ifike futi 7. Mwenye nyumba alikuwa na hakika ana futi za mraba 2,400. Tulipomaliza kupima tulikuwa na 2,210. Nilipiga magoti kwenye zulia lile nikielewa kwa nini saa hizi hazifundishiki ubaoni. Tena Texas bei za mauzo haziwekwi wazi kwenye kumbukumbu za serikali, kwa hiyo bila msimamizi mwenye njia ya kuzifikia, hata nyumba za kulinganishia bei huzipati.

Nimesema wangu wa pili. Wa kwanza nilimfanyia kazi miezi kadhaa bila daftari langu la saa kusainiwa. Tulipoachana, nilikuwa na saa zaidi ya 300 zisizo na sahihi, na ripoti hazikutaja popote kwamba nilisaidia. Zote zilipotea, na bado inaniuma. Andika kila kazi siku hiyohiyo: tarehe ya ripoti, anwani, aina ya nyumba, ulichofanya wewe, saa ngapi, naye alikusimamia vipi. Asaini kila wiki. Hakikisha msaada wako umetajwa ndani ya ripoti, na muulize tangu mwanzo utazipataje ripoti hizo, maana jimbo litachagua kadhaa na kutaka kuziona.

Siku hizi kuna njia nyingine iitwayo PAREA, mafunzo ya vitendo mtandaoni yenye mshauri, yanayoweza kuchukua nafasi ya saa zote 1,000 za leseni ya kwanza kwenye majimbo yanayoyakubali, Texas ikiwemo. Ni ghali, na mimi bado napenda mtu afundishwe akiwa ndani ya nyumba. Lakini kwa aliyekwama ni mlango halali.

Nilimuuliza kijana alimaliza masomo lini. Miaka miwili iliyopita. Basi bado ana mitatu. Mwezi ujao nina darasa langu la saa 7 la USPAP, yaani kanuni za utendaji wa wathamini, na nimemwambia ajiandikishe, aje mapema, akae meza moja na watu asiowajua.