Mgombea urais na korosho: muulize hivi

Ndugu, umeuliza tumpime vipi mgombea urais anayeahidi kufufua uchumi wa Mtwara na Lindi, mikoa ya kusini mwa Tanzania inayotegemea korosho. Mbane kwenye ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Zamani asilimia 65 yake ilirudi kuendeleza zao. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina, yaani mfuko wa jumla wa serikali. Yeye atatenga asilimia ngapi kwa zao hili, na kwa sheria ipi? Fedha zilizokuwa zikirudi ndizo zilizogharamia pembejeo kama salfa, dawa ya kukinga mikorosho. Salfa ikichelewa hadi maua yameshachanua, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, unayakausha, na mnadani mkulima hana cha kupeleka. Kiwanda cha kubangua ni ahadi tamu, lakini bila mtaji wa kununua ghafi msimuni na kuihifadhi ghalani mwaka mzima, mashine zitalala tu.